Karatasi Nne za Fundi

Mazoezi yalikuwa yamekwisha, lakini hakuna aliyetoka. Fundi alisimama mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, mgongo ameuegemeza kwenye mbao, akihesabu karatasi.

"Soprano nane, zimerudi. Sauti ya tena, sita, zimerudi. Besi tano. Alto..." Akapitisha kidole upya. "Alto moja haijarudi."

Tulitazamana. Mama mmoja wa soprano alijaribu kumpitia ubavuni.

"Fundi, nimeacha maharage jikoni."

"Maharage hayawezi kukimbia, mama. Karatasi inakimbia."

Tulipekua mabegi, tukapekua mifuko ya makoti. Karatasi ikaonekana ndani ya kitabu changu cha nyimbo, mahali nilipoichomeka bila kufikiri. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mazoea ya kuwaadhibu watoto kwa kosa la namna hiyo, na uso uliniwaka. Fundi aliipokea, akaikunja, akaniangalia.

"Mwalimu," akasema. "Hata wewe?"

Ndipo akafungua mlango.

Huyo ndiye mtu ninayetaka kumweleza. Jina lake sitalitaja, na sababu nitaitoa mwishoni, maana ni yeye aliyenipa. Tulimwita Fundi, ingawa hakushona nguo wala kujenga nyumba. Alikuwa mpiga piano na mpanga muziki. Alirudi Tukuyu kutoka Dar es Salaam miaka ile ambayo mitumba ilianza kujaa sokoni na kila kibanda chenye umeme kikawa kinauza kaseti. Alikuwa na sanduku moja, koti la suti lililokwisha viwiko, na madai makubwa.

Dai lenyewe lilikuwa hili. Kulikuwa na wimbo wa dansi wa zamani ambao kila mtu mzima aliujua, wa mwanamke anayengoja treni isiyofika. Redio iliupiga karibu kila juma. Fundi alisema ule mpango wa saksafoni tatu, ule unaokufanya uache unachofanya, aliupanga yeye. Lakini kwenye sahani ya santuri, walioiona walisema, liliandikwa jina la bendi na jina la mtunzi, basi. Hakuna Fundi.

"Mpangaji?" katibu wetu wa kwaya alicheka alipolisikia mara ya kwanza. "Mpangaji wa nyumba ya nani?"

Katibu aliuza mitumba sokoni, na aliijua nguo mbovu kabla hajaigusa. Aliwatazama watu kwa jicho hilohilo. "Mwalimu, kila mtu anayeshindwa Dar akirudi huku anasema alipiga na bendi kubwa. Mwingine alikuwa anabeba spika."

Sikumbishia, kwa sababu nilikuwa nikiwaza vilevile.

Kwa asiyewahi kuimba kwaya wala kupiga bendi, nieleze kidogo maana ya kupanga muziki. Mtunzi analeta wimbo kama mtu anayeleta mkungu wa ndizi uani. Ndizi ni zake, hakuna ubishi. Lakini yupo mtu anayeamua hizi zichemshwe na nyama, hizi zichomwe, hizi zingoje ziive, na ni nani ale kwanza. Watu wakishiba watamsifu mwenye shamba. Ndivyo ilivyo kwa mpanga muziki. Sauti ya kwanza unaikumbuka ukiwa njiani kwenda nyumbani, lakini sauti tatu zilizo chini yake ndizo zilizokufanya uikumbuke, na hujui kwamba kuna mtu alikaa akaziandika.

Fundi aliandika kwa nota za kanisani, do re mi, alizofundishwa na wamisionari akiwa mtoto. Hata saksafoni za Dar, alisema, aliziandikia do re mi, na wapigaji walimcheka mpaka walipopiga. Lakini jambo la ajabu ni kwamba hakuandika kamwe sauti zote nne kwenye karatasi moja. Kila sauti ilikuwa na karatasi yake. Alitufundisha alto peke yetu, akatutoa nje, akaita tena. Siku ya mwisho tu ndipo tulipoimba pamoja na kusikia tulikuwa tumejenga kitu gani.

"Kwa nini hutuonyeshi wimbo mzima?" nilimwuliza.

"Wimbo mzima ukikaa mahali pamoja, mwizi anafanya safari moja."

Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, na yote ilihusu wezi. Sikio ni mlango usio na kufuli. Anayekusifu sana anakukariri. Alisema alipokuwa Dar mkuu wa bendi alimwomba karatasi zake azitazame usiku mmoja tu, na hazikurudi. Baadaye bendi iliuza piano ili kununua vipaza sauti vya magitaa, na mpiga piano akawa mtu wa kubaki bila kiti. Alivyolieleza hili, halikuwa na machozi. Alilieleza kama polisi anayesoma taarifa.

Piano aliyokuwa nayo nyumbani kwake Makandana ilikuwa mali ya kanisa, iliyotelekezwa stoo miaka mingi, panya wamezaa ndani. Aliiomba, akawabebesha vijana wanne, akaifufua. Mahali pa nyuzi zilizokatika aliweka spoku za baiskeli zilizonyooshwa, nami sijui hilo liliwezekanaje, ila ziliita. Mahali pa manyoya ya nyundo zake yaliyoliwa na panya aliweka vipande vya blanketi. Na kwa kuwa unyevu wa huku hufanya mbao zivimbe na vidole vya piano vigome kushuka, alitia ndani ya sanduku la piano balbu iliyowaka saa zote.

Balbu hiyo ilimletea maneno. Mchana wa ukungu ungeweza kupita dirishani kwake ukaona mwanga ukichungulia kwenye nyufa za piano, na mwenyewe hayupo. Wapo waliosema anafuga kitu. Mzee wa kanisa alitumwa kuuliza. Fundi hakumweleza habari za unyevu, ambazo zingemaliza shauri kwa dakika moja. Alimwuliza, "Nani amekutuma kuangalia ndani ya piano yangu?"

Unaona tabu yake. Alishuku kwanza, akaeleza baadaye, na mara nyingi hakueleza kabisa. Lakini mtu huyuhuyu aliwafundisha watoto wa jirani bila kupokea hata kikombe cha chai. Ukienda kwake hukutoka bila parachichi. Akisikia mtu anaumwa alifika na mwavuli wake mweusi, akakaa kimya saa nzima, akaondoka. Aliweza kukupa chochote, maadamu hakikuandikwa nota.

Kila Alhamisi alipanda gari kwenda Kiwira akiwa na mfuko. Katibu ndiye aliyeligundua.

"Anauza nyimbo zetu," aliniambia. "Kiwira kuna kwaya inakua haraka mno. Nani anawafundisha? Wewe una shemeji kule. Nenda ukatazame."

Nilikwenda, na sijivunii. Nilimkuta kando ya barabara ya Mbeya, mbele ya kibanda cha kaseti, ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekea spika. Hakununua chochote. Wimbo ukiisha alitikisa kichwa na kungoja mwingine. Mwenye kibanda, kijana wa Kiislamu mwenye kofia iliyofumwa vizuri, aliponiona ninatazama alininong'oneza.

"Mama, unamjua huyu mzee? Shikamoo ninampa, kiti ninampa, lakini anakuja kila Alhamisi kusikiliza tu. Ni mtu wa usalama?"

Fundi alinisikia nikicheka. Hakushangaa kuniona.

"Katibu amekutuma," akasema.

"Nimekuja kwa shemeji."

"Shemeji yako anakaa upande ule." Akaelekeza kwa mwavuli. Kisha akalegea kidogo. "Ninasikiliza kama kuna kitu changu hapa. Kaseti zinatoka kila siku, watu wanarekodi nyimbo za zamani upya. Mtu akichukua changu, nitakijua."

"Utakijuaje?"

Alichomeka mwavuli kwapani. "Subirini mrekodi kanda yenu. Halafu nitakuonyesha kitu, Mwalimu."

Nilirudi Tukuyu na kumwambia katibu kwamba hauzi nyimbo. Lakini sikumwambia kwamba mzee anaingoja kanda yetu kwa hamu, kwa sababu jambo hilo lilinitia wasiwasi mpya. Anaingojea nini? Atatudai? Atasema nyimbo ni zake?

Sasa ni lazima nieleze habari ya fa.

Katika kila wimbo aliotupangia Fundi, kwenye mstari wa kabla ya mwisho, kulikuwa na mahali palipotuuma. Soprano walitua kwenye mi, mahali pazuri pa kupumzika. Sisi alto tulitakiwa kubaki kwenye fa kwa pigo moja zima, kisha ndipo tushuke re. Fa na mi ni majirani waliobanana. Zikilia pamoja, sikio linashtuka kama jino lililopata maji baridi. Kila wimbo, mahali palepale. Tulilalamika. Mama wa soprano alisema alto wanamharibia.

"Iacheni," Fundi alisema. "Ina kazi yake."

Hakusema kazi gani. Angelisema, haya ninayoyaandika yasingekuwepo.

Tulikwenda Mbeya kurekodi kanda yetu ya kwanza. Studio zilikuwa zimeanza kufunguliwa na watu binafsi, na kwaya bila kanda ilionekana imelala. Fundi alikataa kwenda. "Mimi na vyumba vya kurekodi tulishaagana," alisema. Alizikusanya karatasi zote kabla hatujapanda gari, akazihesabu, akasimama barabarani kwenye manyunyu mpaka tulipopotea. Tuliimba kwa kichwa.

Kwenye wimbo wa tatu kijana wa mitambo alitusimamisha.

"Alto mnakosea. Kuna noti inagongana."

"Ndivyo tulivyofundishwa," akasema mmoja wetu.

"Mimi ninasikia kosa. Mkitaka nirekodi kosa, sawa. Kanda ni yenu."

Katibu alinigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye sikio. Ni kosa au si kosa?"

Ningeweza kusema, tumpigie Fundi simu, lakini Fundi hakuwa na simu. Ningeweza kusema, mzee alituambia tuiache. Badala yake nilifanya nililofanya kila siku ya maisha yangu, daftari baada ya daftari. Nilisahihisha. Niliwaambia alto waimbe do badala ya fa, kisha re. Tuliimba, ikawa laini kama uji wa mtoto. Kijana wa mitambo akainua kidole gumba. Tulisahihisha nyimbo zote nane, tukarudi Tukuyu tukiimba njia nzima, nami nilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi safi.

Kanda ilipotoka, jaladani yaliandikwa majina ya mchungaji, katibu, na viongozi wa sauti, mimi nikiwemo. La Fundi halikuwepo. Katibu alisema nafasi ilikuwa ndogo. Ila alimpa nakala moja ya bure, naye Fundi aliipokea kwa mikono miwili. "Ndaga fijo," alisema, yaani asante sana. Sikuwahi kumsikia akimshukuru mtu hivyo.

Hakuwa na redio ya kaseti. Na hapa kuna jambo ambalo limenisumbua kuliko yote. Mtu aliyehesabu karatasi mlangoni, aliyeshuku hata parafujo za piano, hakwenda kwa jirani kuisikiliza kanda ile. Alikuwa ametufundisha miezi mitano, akaamini. Aliifunga siku hiyohiyo pamoja na barua, akaipeleka posta.

Tulijua habari za barua Jumamosi moja alasiri. Nilikuwa uani kwangu Ibighi ninamenya ndizi, redio iko dirishani. Kilikuwa kipindi cha nyimbo za zamani, ambacho mtangazaji wake alikuwa na kawaida ya kuwaomba waliohusika na nyimbo hizo wamwandikie, ili majina yao yatajwe.

"Tumepata barua ya mzee wetu mmoja wa Tukuyu," akasema. "Anasema yeye ndiye aliyepanga saksafoni katika wimbo huu wa treni. Anasema tangu ujana wake ana alama anayoiweka kwenye kila anachopanga, mstari wa kabla ya mwisho, sauti ya pili inabaki nyuma pigo moja. Ametutumia kanda ya kwaya ya nyumbani kwake aliyoipangia, tulinganishe. Tumelinganisha, wasikilizaji. Tumeisikiliza kanda mara mbili. Alama hatukuikuta." Alicheka kidogo, bila ubaya. "Mzee wetu, tunakushukuru kwa kuwa nasi. Haya, huu hapa wimbo."

Kisu kilibaki ndani ya ndizi. Wimbo niliokuwa nimeusikia mara mia ulianza, nami kwa mara ya kwanza niliacha kumfuata mwimbaji, nikafuata saksafoni ya katikati. Mstari wa kabla ya mwisho ukafika. Ile ya juu ikatua kwenye mi. Ya katikati ikabaki kwenye fa, ikauma, pigo moja zima, kisha ikashuka re.

Ngoja nieleze kwa nini hilo lilikuwa kubwa. Kuisikia alama kwenye wimbo wa zamani pekee hakuthibitishi kitu. Kila mwenye redio angeweza kuisikia na kusema ni yake. Ushahidi wake ulikuwa kuikuta tena huku milimani, nyimbo nane mfululizo, katika vinywa vya watu waliofundishwa naye. Sisi tulikuwa shahidi wake pekee. Na shahidi alifika mahakamani akiwa amesahihishwa.

Mjini walicheka. "Mzee wa saksafoni!" walimwita sokoni. Katibu aliniambia, "Si nilikwambia?" Nikamwambia nilichofanya nikiwa studio kilikuwa na maana gani. Alikunja suruali moja mara tatu. "Lakini, Mwalimu," akasema mwishowe, "ilikuwa inagongana kweli."

Fundi hakuja tena mazoezini. Ilinichukua majuma kadhaa kupata miguu ya kwenda kwake, na nilikwenda mchana wa mvua ili nisikutane na watu.

Alifungua mlango nusu, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine, ndipo akanikaribisha. Alikuwa amekonda, blanketi begani. Balbu iliwaka ndani ya piano. Nilimwamkia, nikakaa, nikasema yote kwa pumzi moja: studio, kijana wa mitambo, fa, do.

"Ninajua," akasema. "Baada ya redio niliisikiliza kibandani Kiwira. Yule kijana aliniwekea kanda nzima."

"Ulijua ni mimi?"

"Ningemshuku nani? Wengine hawawezi kusahihisha. Hawajui lililo sahihi."

Sikujua kama nimesifiwa au nimehukumiwa. Nilimwambia nitaiandikia redio, nitasema mimi ndiye niliyekosea.

"Andika kwamba ulisahihisha. Usijipunguzie."

"Basi nipe karatasi ya alto niiambatanishe. Wataona fa kwa mwandiko wako."

Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. "Karatasi zangu zilishasafiri mara moja kwenda Dar."

"Fundi, bila karatasi barua yangu ni maneno tu."

"Na mimi nimeishi na maneno tu miaka mingapi?" Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Andika. Lakini jina langu usiliandike wewe mahali popote, wala kwenye kanda zenu, mpaka waliandike wao kwanza. Lilikofutwa ndiko lianzie."

Barua niliituma, na nyingine baada yake. Ninasubiri. Ndiyo maana hapa nimemwita Fundi.

Siku ile hakutaka kuzungumzia redio tena. Alisogea kwenye piano, akatoa bahasha chini ya mto wa kiti, akaniwekea mbele karatasi ya alto, ya wimbo wa tatu. "Imba."

Niliimba. Yeye alipiga soprano kwa mkono mmoja. Kwenye mstari wa kabla ya mwisho nilifika fa, nikaiacha upesi.

"Unakimbia. Tena."

Nikaimba tena, nikakimbia tena. Mwili wangu wenyewe ulitaka kusahihisha.

"Kaa hapo, Mwalimu. Acha iume."

Mara ya tatu nilikaa. Mi yake ilikuwa kando yangu, ikinigusa, haipendezi, na sikutoka mpaka pigo likaisha. Kisha re. Nilisikia kitu kikifunguka chumbani, kama dirisha lililokuwa limevimba kwa mvua. Kumbe utamu wote wa mstari wa mwisho ulitoka pale. Tuliuimba wimbo hadi mwisho, tukaurudia.

Mvua ilipopungua niliaga. Alinipa parachichi mbili, akanisindikiza mpaka mlangoni, akasimama, mgongo ameuegemeza kwenye mbao. Hakufungua.

"Karatasi," akasema.

Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa pale chini ya parachichi, imekunjwa vizuri mara mbili, na hata leo siwezi kuapa kwamba sikujua.

"Hata mimi, Fundi?"

"Hasa wewe."

Nikampa. Aliinyoosha kwa kiganja, akairudisha kwenye bahasha, akazihesabu taratibu kwa kidole: soprano, alto, tena, besi. Ndipo akafungua mlango.